Linux Haina Duka: Namna Mtumiaji wa Kawaida Anavyoweza Kuieneza

Kijitabu hiki ni cha nani

Kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayetumia kompyuta kwa shughuli zake, si kwa mwandishi wa programu. Huenda wewe ni mwalimu, karani wa SACCOS, mwanafunzi wa chuo, mwenye steshenari au mstaafu anayeandika historia ya ukoo. Umeionja Linux, imekufaa, na sasa ungependa na wenzako waionje. Hujui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Haidhuru. Mengi yanayoikwamisha Linux mitaani kwetu hayangojei mhandisi. Yanangojea mtu mwenye subira, flashi, na simu inayopokelewa.

Windows huja ndani ya mashine kutoka kiwandani. Ina mawakala, ina matangazo, na ofisi nyingi zimejengwa juu yake. Linux haina duka. Hakuna anayepata kamisheni kwa kukuwekea, wala hakuna bango la barabarani linaloitangaza. Inapita mkono kwa mkono. Ndiyo sababu mtumiaji mmoja anayejua anachofanya huweza kuieneza mbali, na mtumiaji mmoja msumbufu huweza kuichafulia jina mtaa mzima.

Maneno machache ya kuanzia

Linux yenyewe ni kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu inayosimamia prosesa, kumbukumbu, diski na vifaa vingine. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni ya GPL, iliyotokana na mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliuanzisha mwaka 1983. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, ilimradi anayepokea naye apate ruhusa zilezile. Kwa hiyo ukimnakilia jirani yako Linux hujaiba kitu, na wala huhitaji kumuomba mtu ruhusa.

Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Hufungashwa pamoja na menyu, kivinjari, programu za ofisi na mengineyo, na kila kifurushi kina jina lake. Wenyewe huviita distro. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Linux Mint ilifuata mwaka 2006, na ndiyo tunayoitolea mifano humu, kwa kuwa mpangilio wake haumshangazi mtu aliyezoea Windows: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, folda zinafunguka kama alivyozoea. Kama wewe ni mtu wa Ubuntu au Fedora, endelea na yako. Ubishi wa distro ipi ni bora ni burudani ya waliokwishaingia ndani. Aliye bado mlangoni unamkimbiza.

Atakayekuambia Linux ni ya wataalamu tu, mwombe akuonyeshe simu yake. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, kwa mujibu wa orodha ya TOP500, zinatumia Linux tangu Novemba 2017. Na mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011 na unaotumika pia Tanzania na Uganda, ni programu huria ambayo seva zake kwa kawaida huendeshwa kwa Linux. Mhudumu wa zahanati anayejaza takwimu za mwezi ameshaitumia bila kuambiwa.

Kwa nini wakati huu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mashine zenye mfumo huo hazikuzimika. Zinawaka kama kawaida. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama, na hata muda wa nyongeza uliotolewa kwa watumiaji wa nyumbani umepangiwa kuishia Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti yake. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali zaidi prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, zilizoanza kutoka mwaka 2017.

Sasa tembea Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, utazame laptopu za mtumba zilizopangwa kwenye vioo. Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad: mashine imara zilizotumika ofisini Ulaya au zilizopitia Dubai, nyingi zikiwa za kizazi cha nne, cha tano au cha sita. Zina uhai wa miaka mingi mbele yake, lakini kwa masharti ya Windows 11 zinahesabiwa zimezeeka. Linux Mint inaomba RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 ili ufanye kazi kwa raha, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Mashine hizo zinavuka kipimo hicho bila shida.

Hapa tuseme ukweli mmoja ambao wapenzi wa Linux huupitia mbali. Laptopu ya zamani ikitolewa diski ya kuzunguka ikawekewa SSD, sehemu kubwa ya wepesi utakaouona umeletwa na SSD. Mwambie mwenye mashine hivyo. Ukimwachia aamini kuwa Linux ndiyo iliyofanya kila kitu, siku atakayokutana na Linux kwenye diski ya zamani atakuona mwongo.

Anza na fundi

Nani huamua kompyuta ya mtaani itumie mfumo gani? Mara nyingi si mwenye kompyuta. Ni fundi. Mteja anafika kibandani, anaweka laptopu juu ya meza, na swali analoulizwa ni moja: “Nikupigie Windows gani, kumi au kumi na moja?” Linux haimo katika swali, kwa hiyo haiwezi kuwa katika jibu. Anayetaka Linux ienee katika mji wake aanzie kwenye meza hiyo.

Wengi hufika kwa fundi na maneno mabaya. Humwambia Linux ni bure, haiharibiki, haihitaji antivairasi. Fundi anasikia kwamba kazi yake imekwisha. Mteja anayerudi kila baada ya miezi michache kwa sababu kompyuta imekuwa nzito ndiye anayelipa pango la kibanda. Zungumza naye kwa lugha ya biashara. Programu ni bure. Mkono wake si bure. Ana haki ya kulipwa kwa kusimika, kuhamisha mafaili, kuunganisha printa na kumfundisha mteja. Leseni inamruhusu hata kuuza flashi yenye Linux ndani yake. Juu ya hayo, anaepukana na Windows ya kukrak, ambayo programu zake za kuvunjia leseni mara nyingi huja zimebeba virusi.

Usimwombe aache Windows. Mwombe nafasi kwenye flashi yake. Kuna programu huria iitwayo Ventoy: ukishaiweka kwenye flashi, unanakili ndani yake mafaili ya ISO, yaani mafaili yanayobeba mfumo mzima wa kusimika, kadiri flashi inavyoweza kubeba, na kompyuta ikiwaka inakupa orodha uchague. Windows zake zote zinabaki palepale, Linux Mint inakaa pembeni. Flashi ya GB 32 inatosha kuanzia.

Kisha mwonyeshe kazi ambayo Linux humfanyia hata mteja asipoitaka. Ya kwanza ni kuokoa mafaili. Laptopu iliyokataa kufungua Windows, lakini diski yake bado nzima, inawashwa kwa flashi ya Linux bila kusimika chochote, folda za mteja zinafunguliwa na kunakiliwa kwenye diski ya nje. Ya pili kila mwenye steshenari anaijua kwa uchungu: flashi ya “shotikati”. Mwanafunzi anachomeka flashi achape ripoti ya mafunzo kwa vitendo, na folda zote zimegeuka shotikati zisizofunguka. Mafaili hayajapotea. Kirusi kimezificha folda halisi na kuweka vibandiko vya uongo mahali pake. Chomeka flashi hiyohiyo kwenye Linux: ile alama ya kuficha haizingatiwi, folda halisi zinaonekana waziwazi, na kando yake unaviona vibandiko vyenye kiishio cha .lnk pamoja na faili la kirusi lenyewe, mara nyingi likiishia na .vbs. Unavifuta, ripoti inachapwa, mwanafunzi anapumua. Fundi akiliona hilo mara moja kwa macho yake, humhitaji tena msemaji. Mwenye steshenari akiliona, atakuuliza mwenyewe kama anaweza kuwa na kompyuta moja ya namna hiyo kwa ajili ya kupokelea flashi za wateja.

Kabla hujagusa kompyuta ya mwenzio

Linux haijaponzwa na kitu kama ilivyoponzwa na shauku ya marafiki zake. Mtu analalamika kompyuta yake ni nzito, rafiki anaifomati jioni hiyohiyo, asubuhi mwenyewe anagundua hesabu za duka za miaka mitatu zilikuwa kwenye programu isiyofunguka tena.

Kaa naye kwanza. Usimuulize anataka mfumo gani. Mwombe akuonyeshe anachofanya tangu anapowasha mpaka anapozima. Akiishia kwenye kivinjari, barua, WhatsApp ya kwenye kompyuta, muziki, filamu na nyaraka za kawaida, huyo Linux itamtosha. Akifungua Photoshop kutengeneza picha za pasipoti, CorelDRAW kubuni fulana, QuickBooks au Tally kwa hesabu, au programu ya kifaa maalumu cha kazini kwake, simama. Huenda programu mbadala ipo, GIMP kwa picha au Inkscape kwa michoro, lakini mtu ambaye mkono wake umezoea na wateja wamepanga foleni hana nafasi ya kujifunza upya. Mwachie Windows yake, au uziweke mbili pamoja katika diski moja ili achague anapowasha. Kumwambia mtu “hii haikufai kwa sasa” ni sehemu ya kuieneza Linux, kwa kuwa siku utakayomwambia inamfaa atakuamini.

Anayefaa, mjaribishie kwa flashi kabla ya kusimika. Hali hiyo ya majaribio haigusi diski yake. Angalia Wi-Fi, sauti, kamera, Bluetooth na printa, kisha funga kifuniko na kukifungua uone kama mashine inaamka. Wi-Fi ndiyo kikwazo kikubwa, hasa kwenye kadi za Broadcom ambazo draiva zake huwekwa baadaye. Njia ya kuvuka ni simu: iunganishe kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaipokea kama kebo ya mtandao. Ukishapata intaneti, fungua programu ya kusimamia draiva uweke inayohitajika.

Halafu nakili kila kitu chake kwenye diski ya nje, na nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine mbele yake. Usitegemee folda ya nyaraka peke yake. Watu wetu huweka mambo yao kwenye uso wa skrini na kwenye folda ya vipakuliwa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha ufunguo wake wa kurejesha umepatikana na umeandikwa. Mwisho kabisa, umeme. Betri za laptopu za mtumba nyingi hazishiki chaji, na umeme ukikatika katikati ya kugawanya diski utajikuta na mashine isiyo na mfumo wowote. Kama eneo lenu lina mgao, subiri. Hakuna haraka.

Wiki za kwanza

Kusimika ni kazi ya chini ya saa moja. Kinachoamua kama mtu atabaki ni wiki zinazofuata, na hapo ndipo wengi wetu huwa hatupokei simu.

Malalamiko ya kwanza karibu yote huja kutoka kwenye nyaraka. Barua imeandikwa kwa LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, imepelekwa steshenari, imefunguliwa kwa Word, mistari imeruka. Sababu mara nyingi ni fonti. LibreOffice huja na Liberation Serif inayochukua nafasi ileile na Times New Roman, na Carlito inayolingana na Calibri, kwa hiyo urefu wa mistari haupaswi kubadilika sana. Lakini faili likifika kwenye mashine isiyo na fonti hizo, kila kitu kinasogea. Mfundishe mambo mawili. Cha kuchapwa kipelekwe kikiwa PDF. Cha kuhaririwa na mwenzake mwenye Word kihifadhiwe kama .docx. Kama ofisini kwake Times New Roman ni amri ya bosi, kuna kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer kinachoileta yenyewe.

Kuhusu masasisho, kumbuka bando. Mfumo mpya huweza kuomba mamia ya MB siku ya kwanza, na mtu anayenunua bando la siku ataona Linux inakula fedha yake. Fanya masasisho ya kwanza wewe, mahali penye Wi-Fi, kabla hujamkabidhi mashine. Kisha umwonyeshe alama ya kidhibiti cha masasisho na umweleze kwamba haimlazimishi: yeye ndiye atakayebonyeza akiwa ofisini au chuoni. Ukiwa humohumo, chagua seva ya kupakulia iliyo karibu. Zipo za Afrika Kusini na Kenya, na mara nyingi zina kasi kuliko ile ya mbali inayokuja imechaguliwa.

Mwandikie karatasi moja ya kubandika pembeni ya meza: anabonyeza wapi kupata Word mpya (aiite Word tu, usimsahihishe), anaunganishaje Wi-Fi, anatoaje flashi kwa usalama, nenosiri lake amelihifadhi wapi, na namba yako. Mzee wa miaka sabini akiweza kuifuata karatasi hiyo bila kukupigia simu, inakili uwape wengine.

Kugawa kopi

Mpaka mwaka 2011 Ubuntu ilikuwa ikimtumia CD bure mtu yeyote aliyeomba, popote duniani, na wapo waliokutana na Linux kwa mara ya kwanza kupitia bahasha iliyofika sanduku la posta. Huduma hiyo ilifungwa. Faili la Linux Mint sasa lina karibu GB 3, na kwa bei za bando hiyo si kitu cha kupakua kwa majaribio. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri kazini au chuoni akilipakua mara moja na kuligawa kwa flashi, amewaokolea wenzake fedha halisi.

Ila gawa kopi safi. Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha kupakulia kwenye ISO waliyoitia mlango wa nyuma. Iligunduliwa upesi, na somo lake linabaki: kila ISO huchapishwa pamoja na namba ndefu ya uhakiki, SHA256. Baada ya kupakua, tumia amri ya sha256sum kwenye faili lako na ulinganishe herufi kwa herufi na ile iliyotolewa na watengenezaji. Ikitofautiana hata herufi moja, futa faili, anza upya. Fanya hivyo kabla ya kumpa mtu wa kwanza, kwa maana yeye atampa wa pili na hakuna atakayekagua tena.

Kusema kinachoharibika

Watumiaji wetu ni hodari wa kuzoea tatizo. Printa inagoma, tunaizima na kuiwasha. Sauti inapotea, tunavaa spika za masikioni. Mtengenezaji aliye mbali hana njia ya kujua. Kuripoti hitilafu hakuhitaji utaalamu, kunahitaji utaratibu wa karani mzuri: ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini, na je, kinarudia kila mara? Taja toleo la mfumo na aina ya mashine. Katika Mint, amri ya inxi -Fxz hukuandalia maelezo ya vifaa vyote ikificha namba binafsi, nawe unayanakili kama yalivyo. Picha ya skrini ipige kwa kitufe cha Print Screen badala ya kamera ya simu, na kabla ya kuituma ziba majina na namba za watu.

Tafuta kwanza kama mwingine amekwisha kuripoti. Ukilikuta tatizo lako, ongeza kwamba nawe limekupata na kwenye mashine gani. Kiingereza cha sentensi fupi kinatosha, hata kikitoka kwenye kitafsiri cha mashine. Ripoti ya printa za bei nafuu tunazotumia huku, au ya modemu za mitandao yetu ya simu, ina thamani ya pekee kwa sababu wanaotengeneza hawana vifaa hivyo mezani kwao.

Kwa kujifurahisha: hitilafu namba 1 katika daftari la Ubuntu iliandikwa na Shuttleworth mwenyewe mwaka 2004. Ilisema Microsoft inashika sehemu kubwa ya soko. Aliifunga mwaka 2013, akieleza kwamba simu na tableti zimelibadilisha soko lenyewe.

Kiswahili kwenye skrini

Hii ndiyo kazi ambayo hakuna mtu wa Finland wala Marekani atakayetufanyia. Ilishawahi kufanywa vizuri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux ulioshirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wakati huo mtu wa Mbagala au Mombasa kufungua programu na kukuta “Hariri” badala ya Kiingereza lilikuwa jambo la kushangaza.

Tafsiri ya programu ni kama paa la makuti: ukiliezeka ukaondoka, miaka michache baadaye unaona mbingu. Kila toleo jipya huleta menyu mpya na ujumbe mpya, na usipopata mtu wa kuutafsiri hubaki kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili, mpaka skrini inakuwa na viraka na mtumiaji anaamua kuirudisha kwenye Kiingereza. Mradi wa fedha huanza na kuisha. Kinachohitajika ni watu wachache wenye dakika ishirini kila juma, mwaka baada ya mwaka.

Mahali pa kufanyia papo. Ubuntu na Mint hutafsiriwa kupitia Launchpad, LibreOffice kupitia Weblate, Firefox kupitia Pontoon. Unajiandikisha, unachagua Kiswahili, unaletewa sentensi mojamoja. Ugumu hauko kwenye msamiati kama wengi wanavyodhani. Uko kwenye ngeli. Programu huacha pengo la jina, mathalani “%s” ikifuatiwa na maneno ya kueleza kwamba kitu hicho kimefutwa, na mtafsiri hajui kitakachoingia pale ni folda, waraka au mtumiaji: imefutwa, umefutwa au amefutwa? Dawa ni kuigeuza sentensi ili kitenzi kimwangukie mwenye kubonyeza: “Umefuta: %s”. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari atalimaliza tatizo la namna hiyo kabla chai haijapoa, wakati mhandisi analizunguka siku nzima. Mlete mwalimu huyo. Na kabla ya kubuni istilahi mpya, tazama waliotangulia walitumia nini. Neno moja la folda likitafsiriwa kwa namna tatu ndani ya menyu moja, bora lingeachwa.

Asiyetaka kutafsiri anaweza kuwasha kikagua tahajia cha Kiswahili cha LibreOffice na kukitumia katika kazi zake. Hiyo peke yake huwavuta waandishi na makarani, kwa kuwa wamezoea kuona waraka wao wa Kiswahili umejaa mistari myekundu.

Shule, maktaba na siku ya wazi

Shule yenye chumba cha kompyuta kumi zilizokufa kwa virusi ni mahali pazuri, ila usiingie bila mwalimu mmoja aliyekubali kuwa mwangalizi baada yako. Weka LibreOffice, GeoGebra kwa hisabati, GCompris kwa watoto wadogo, na Kiwix, inayowezesha kusoma Wikipedia, ya Kiswahili ikiwamo, bila intaneti. Mara nyingi Kiwix ndiyo inayomshawishi mkuu wa shule, kuliko hoja yoyote kuhusu leseni.

Mkitaka tukio la pamoja, Siku ya Programu Huria huadhimishwa duniani Jumamosi ya tatu ya Septemba. Meza mbili, waya mrefu wa umeme, flashi kadhaa na mafundi wawili wanatosha. Bango liandikwe “Leta laptopu yako nzito”, si “Karibu kwenye mapinduzi ya programu huria”.

Mwenye uwezo achangie fedha kidogo kwa mradi anaoutumia. Asiye na uwezo amekwisha kuchangia kwa yote yaliyotangulia.

Maneno ya kuacha

Usiseme Linux haipati virusi. Vipo, hasa vya seva. Kilicho kweli ni kwamba virusi vya flashi vinavyosumbua mitaani vimetengenezwa kwa Windows na haviendeshwi na Linux. Usiseme kila kitu kinafanyika kwa bure na kwa urahisi. Usimcheke anayetumia Windows ya kukrak. Wengi wao hawakuichagua, walipigiwa. Na mtu akikuuliza swali, usimjibu kwa kumwamuru afungue terminali aandike amri asizozielewa, kama kitufe cha kubonyeza kipo.

Akitaka kurudi Windows

Wapo watakaojaribu wasiipende. Usibishane, wala usiombe wiki nyingine ya majaribio. Kabla ya kuondoa Linux, hamishia mafaili yake yote kwenye diski ya nje, badilisha nyaraka zilizohifadhiwa kama .odt ziwe .docx, hamisha alamisho na manenosiri ya kivinjari chake, kisha umpeleke kwa fundi yuleyule uliyemwachia flashi ya Ventoy. Muulize tu, kwa upole, ni kitu gani hasa kilichomshinda. Jibu lake liandike kwa maneno yake mwenyewe. Kama ni hitilafu, iripoti, na kama ni jambo ambalo hukumwonyesha, liongeze kwenye ile karatasi ya pembeni ya meza kabla hujaenda kwa mtu mwingine.